Jasho Kabla ya Pesa: Safari za Baiskeli za Hisani na Barabara Iliyo Chini ya Vugiri

Barabara ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam haina namna ya kuikwepa Korogwe. Ikishaacha Same inateremka Mkomazi na Mombo, inabanwa kati ya ukuta wa Milima ya Usambara na bonde la Mto Pangani, inaingia Korogwe mjini, inafika Segera, kisha inageuka kusini kupitia Mkata ya Handeni hadi Chalinze. Kijiji cha Vugiri kimekaa juu ya ukuta huo, upande unaotazama tambarare. Chini yake zamani ilipita misafara ya wapagazi. Mwaka 1902 ikafika reli ya Tanga, yakafuata malori ya mkonge, na siku hizi ni mabasi yanayofukuzana usiku na mchana.

Tangu mwaka 1967 barabara hiyo imebeba pia aina nyingine ya msafiri: mtu ambaye hakulazimika kuchoka, ila aliamua kuchoka kwa sababu ya wengine. Wa kwanza walikuja kwa miguu. Wa leo huja kwa baiskeli, wamevaa fulana za rangi moja, gari la msaada likiwafuata nyuma. Wakiulizwa wanakwenda wapi hutaja mji. Wakiulizwa wanafuata nini huko, hutaja madawati, au yatima, au ugonjwa fulani.

Kwa mkulima wa Handeni anayesukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji, jambo hilo halieleweki upesi. Yeye huchoka kila siku na hakuna anayemchangia. Iweje mtu apande baiskeli ya bei mbaya, aende mamia ya kilomita bila mzigo, halafu watu watoe pesa kwa sababu tu amefika? Swali hilo ni la haki, na kulijibu kunahitaji historia, kwa sababu mpango huu wa kubadilisha jasho kwa mchango una umri wake na una wazazi wake. Mmoja wa wazazi hao, kwa maoni yangu, ni wa hapahapa.

Azimio la Arusha, tamko la ujamaa na kujitegemea, lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Baada ya hapo vijana wakaanza kutembea. Walitoka wilayani kwenda mikoani, na mikoani kwenda Dar es Salaam, kuonyesha kwamba wanaliunga mkono. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na waliotoka huko walikuwa na njia moja tu, ile ya kupita Korogwe. Kijana Seti Benjamin alikuwa miongoni mwa waliotoka Arusha, na alifariki akiwa safarini. Jina lake likaingia katika nyimbo za wakati ule, na wengi waliosoma shule za msingi miaka ya 1970 walilijua kabla hawajajua Azimio lenyewe linasema nini.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere naye aliingia barabarani. Alitoka Butiama, kijijini kwake, akatembea hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, safari ya zaidi ya kilomita 200 iliyochukua siku nane. Alikuwa rais, magari alikuwa nayo. Aliyaacha kwa makusudi, ili nchi ione mtu mkubwa akitoka jasho kwa ajili ya neno alilolisema.

Matembezi yale hayakuwa ya hisani kwa maana ya leo. Hakuna bahasha iliyopitishwa, hakuna aliyeahidi shilingi kwa kila maili. Lakini msingi wake ndio uleule ambao safari za baiskeli zimesimama juu yake sasa: kwamba maneno ni rahisi, na anayetaka kuaminiwa ajitaabishe kwanza mbele ya macho ya watu. Jasho linakuwa shahidi. Mtu akiniambia anaumizwa na hali ya watoto wanaokaa chini darasani, naweza kumsikiliza au kumpuuza. Akiniambia hivyo baada ya kutoka Dar es Salaam kwa baiskeli, midomo imepasuka kwa jua, nitampuuza kwa shida kidogo.

Hapa pana jambo la kuchekesha, au la kufikirisha. Andiko ambalo vijana wale walitembea kwa ajili yake lilikuwa linaonya juu ya kutegemea pesa. Azimio lilisema wazi kwamba tumekosea kuifanya fedha kuwa silaha yetu kuu, na kwamba misaada na mikopo kutoka nje inaweza kuhatarisha uhuru wetu. Na mwaka huohuo wa 1967, upande wa pili wa dunia, vijana wa Kanada nao walikuwa barabarani, katika matembezi yaliyoitwa Miles for Millions. Kila mtembeaji alitafuta watu wa kumwahidi senti kadhaa kwa kila maili atakayomaliza, na pesa zilikwenda kusaidia nchi maskini. Kwa hiyo katika mwaka mmoja kijana wa Kanada alitembea ili atukusanyie pesa, na kijana wa Tanzania alitembea kuunga mkono kauli kwamba tusijengwe na pesa za wengine. Sidhani kama mmoja alikuwa na habari za mwenzake.

Mtindo uliosambaa duniani ni ule wa Kanada. Baiskeli iliingia baadaye kidogo. Mwaka 1980 huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, Billy Starr aliwakusanya wenzake, wakawa waendeshaji 36, wakavuka jimbo kwa baiskeli na kuchangisha dola 10,200 za utafiti wa saratani. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, haikukatika. Ilipofika 2024 jumla ya michango yake tangu kuanza ilikuwa imepita dola bilioni 1. Ukiiangalia hesabu hiyo utaelewa kwa nini kila hospitali na kila shirika la Ulaya na Marekani lilitaka nalo liwe na siku yake ya baiskeli.

Kwetu, safari ya baiskeli ya hisani iliyopata jina mapema ilielekea mahali ambapo baiskeli haina kazi kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili Waingereza, Richard na Nicholas Crane, walikuja Kilimanjaro na baiskeli za milimani, aina ambayo wakati huo ilikuwa bado ngeni hata kwao, wakazipandisha hadi Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya njia ni wao waliozibeba baiskeli. Walikuwa wakilichangishia shirika lililoitwa Intermediate Technology, lililoanzishwa mwaka 1966 na mchumi E. F. Schumacher kwa imani kwamba watu maskini wanahitaji zana wanazoweza kuzimudu na kuzitengeneza wenyewe. Pesa zilizokusudiwa zilikuwa za pampu ya maji inayozungushwa na upepo, kaskazini mwa Kenya. Mwaka uliofuata wakatoa kitabu kuhusu safari hiyo, na mwaka 1986 binamu haohao wakaendesha baiskeli kutoka Ghuba ya Bengal hadi katikati ya bara la Asia kwa ajili ya shirika lilelile.

Ukiisikia habari hiyo ukiwa Vugiri, unaweza kucheka. Kupandisha baiskeli mlimani huku umeibeba begani si maajabu kwa Msambaa. Barabara za kupanda Usambara ya Magharibi zina kona na miinuko ambayo baiskeli ya gia moja haiwezi kuipanda na mtu juu ya tandiko. Kushuka ni kazi ya breki, na breki zikiisha ni kazi ya soli ya kiatu. Kupanda ni kusukuma tu. Mkungu wa ndizi unafungwa kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu, gunia la viazi linalazwa katikati, na mwenye baiskeli anageuka kuwa mtembeaji anayeshika usukani. Tofauti ni kwamba hao Waingereza walikuwa na watu wanaowatazama.

Tambarare ni habari nyingine. Kuanzia Korogwe kwenda Handeni baiskeli ndiyo iliyokuwa gari la nyumba kwa miongo mingi: Raleigh ya Kiingereza kwa aliyekuwa na mshahara wa shamba la mkonge, baadaye Phoenix ya Kichina na Hero ya Kihindi, na katika miaka ya 1980 Swala, iliyotoka kiwanda cha serikali cha NABICO, Dar es Salaam. Ndiyo iliyobeba mahindi kwenda kusagwa, mkaa kwenda barabarani, mwanafunzi kwenda sekondari ya mbali. Ilibeba pia wagonjwa. Mjamzito alikalishwa kwenye karia juu ya khanga iliyokunjwa mara kadhaa, mume akisukuma, shangazi akishikilia nyuma, kilomita kwa kilomita hadi zahanati. Jirani mwenye baiskeli hakuwa na haki ya kukataa kuiazima usiku. Hiyo nayo ilikuwa safari ya baiskeli kwa ajili ya mtu mwingine. Haikuwa na fulana wala orodha ya wafadhili.

Nalisema hili kwa sababu waandishi wa habari za hisani hupenda kuanza hadithi siku mgeni alipofika. Hapa milimani hisani ya wageni ni ya zamani vilevile, na ina sura zaidi ya moja. Lutindi, kwenye milima hiihii ya Korogwe, Wajerumani wa chama cha Kiprotestanti kilichopinga utumwa walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Baada ya miaka michache makao hayo yakageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki, na ingali ikitibu watu hadi leo. Michango ya waumini wa Ujerumani ndiyo iliyoiwezesha, wengi wao wakiwa watu ambao hawakuwahi kuiona Lutindi kwa macho. Vugiri nayo, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ilijengewa nyumba ya kupumzishia wagonjwa kwa sababu ya hewa yake baridi isiyo na homa ya mbu. Ila wagonjwa wenyewe walikuwa Wazungu waliopandishwa kutoka pwani na mashambani. Hisani hutazama pia nani yuko karibu na moyo wa mtoaji.

Katika Tanzania ya sasa, mchango wa kutumia jasho ulipata mwenyeji mkubwa mwaka 2002, pale mgodi wa dhahabu wa Geita ulipoanzisha GGM Kili Challenge kuchangia mapambano dhidi ya virusi vya ukimwi. Kila mwaka kundi moja hupanda Mlima Kilimanjaro na kundi jingine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Tume ya Taifa ya Kudhibiti Ukimwi ikaingia kama mshirika, kampuni zikatoa ahadi kwenye hafla za chakula cha jioni, na miongoni mwa walionufaika ni kituo cha watoto yatima cha Moyo wa Huruma huko Geita. Ukimwi wakati ule haukuwa jambo la kusemwa kwa sauti. Waziri kusimama kwenye geti la mlima akiwaaga wapandaji kwa sababu ya ugonjwa huo, hilo peke yake lilikuwa limefanya kazi kabla hata ya shilingi ya kwanza kuhesabiwa.

Januari 2003 ikaanza safari ndefu kuliko zote: Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, karibu kilomita 12,000, ikiikata Tanzania kutoka kaskazini hadi kusini. Hiyo ni biashara ya utalii wa baiskeli kwanza, na wanaokwenda hulipa wenyewe. Lakini tangu miaka yake ya mwanzo ilikuwa na mfuko wa kugawa baiskeli kwa wahudumu wa afya na wengine katika nchi inazopita. Ninaipenda hisani ya namna hiyo kuliko nyingine nyingi. Aliyepita kwa baiskeli anaacha baiskeli, na anayepewa anajua pa kuipeleka.

Kisha, mwaka 2019, ukaja msafara ambao kwangu unaifunga historia hii kwa namna ambayo walioupanga huenda hawakuikusudia. Unaitwa Twende Butiama. Waendeshaji huondoka Dar es Salaam na kwenda kwa baiskeli zaidi ya kilomita 1,000 hadi kijiji cha Mwalimu, wakilenga kufika kwenye kumbukumbu ya kifo chake, tarehe 14 Oktoba. Njiani hupanda miti, hutoa madawati na kufika mashuleni, wakibebwa na udhamini wa kampuni. Wengi wao ni Watanzania: wafanyakazi wa ofisini, wafanyabiashara, mafundi, wastaafu. Mwaka 1967 Mwalimu alitoka Butiama kwa miguu akiiambia nchi ijitegemee. Sasa watu wanaingia Butiama kwa magurudumu wakikusanya michango kwa ajili ya nchi ileile.

Je, ni kumheshimu au ni kumgeuza? Nimesikia pande zote mbili. Wapo wanaosema dawati ni kazi ya serikali na kodi, na kwamba msafara wa baiskeli unaifunika aibu kwa makofi. Hoja hiyo ina uzito. Shule haiwezi kusubiri mtu ajisikie kuendesha baiskeli ndipo mtoto apate pa kukaa. Lakini Azimio lililokataa misaada halikukataa watu kujitolea, na sioni fedheha mtu wa Dar es Salaam kumchangia mtoto wa Singida. Fedheha ingekuwa katika kungoja wale wa Kanada. Ninapokaza macho ni kwingine: hesabu.

Safari hizi zina gharama. Maji, chakula, malazi, gari la msaada, vipuri, fulana, wapiga picha, jukwaa la kupokelea wageni. Marekani wameshalipitia somo hili kwa uchungu. Mwaka 1994 ilianzishwa safari ya kutoka San Francisco hadi Los Angeles kuchangia waathirika wa ukimwi. Ilivuta maelfu ya waendeshaji na pesa nyingi, lakini ikaandamwa na malalamiko kwamba sehemu kubwa inaliwa na maandalizi, hadi mashirika yaliyokuwa yakinufaika yakajitoa na kampuni iliyoiandaa ikafungwa mwaka 2002. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, na mwandaaji hawezi kuandaa kwa hewa. Ila mchangiaji wa Korogwe anayetoa elfu mbili yake ana haki ya kujua ni shilingi ngapi imefika kwenye mbao na misumari.

Kwa wanaofikiria kujiunga, yafaa wajue barabara inadai nini. Kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe ni karibu kilomita 300, na kwa mtu wa mazoezi ya kawaida hizo ni siku tatu, si mbili. Kipande cha Chalinze hadi Segera ndicho kinachowavunja wengi, kwa sababu hakina mlima wa kulaumu: ni mawimbi, unashuka na kupanda, unashuka na kupanda, upepo usoni, kivuli haba. Daraja la zamani la Mto Wami, jembamba, la gari moja kwa wakati, lilikuwa mtihani wa moyo hadi daraja jipya lilipoanza kutumika mwaka 2022. Kingo za lami ndizo hatari ya kila siku. Basi likikupita linakuvuta, na lori linalokuja mbele likitaka kumpita mwenzake halihesabu baiskeli kama chombo. Waendeshaji wazoefu huondoka kabla ya mapambazuko, hupumzika jua la saa sita, na hawakai mstari mmoja na mtu asiyejua kutoa ishara ya mkono.

Mwili nao unadai. Magoti huuma siku ya kwanza, makalio siku ya pili, siku ya tatu ni mikono kufa ganzi. Uji wa asubuhi una thamani kuliko vinywaji vya rangi vinavyotangazwa. Pancha hazikwepeki, maana kandokando ya barabara kuna vipande vya waya vya matairi ya malori yaliyopasuka, vyembamba kama sindano. Hapo ndipo msafara wa watu wa mjini unapokutana na fundi wa kijijini, aliyekaa chini ya mwembe na beseni la maji, pampu na solusheni. Anaizamisha tyubu, anatafuta mapovu, anakwaruza, anabandika, anadai pesa yake ileile anayomdai jirani. Nimeona orodha za shukrani za safari za namna hii, zenye nembo za benki na za kampuni za simu. Fundi simkumbuki humo, ingawa bila yeye nusu yao wangemaliza safari ndani ya gari la msaada.

Wanawake barabarani bado ni wachache. Bibi zetu wa pwani na wa bonde la Pangani waliambiwa baiskeli si ya mtoto wa kike, na wengi hawakuijaribu hadi walipozeeka. Mambo yanabadilika kwa mlango wa shule, pale msichana anayeishi kilomita nyingi kutoka darasani anapopewa baiskeli na mfadhili na wazazi wakagundua kwamba anafika kabla ya kengele. Nimekuwa nikijiuliza ni lini mmoja wa wasichana hao ataingia kwenye msafara akiwa mwendeshaji, badala ya kusimama kando ya njia akipunga bendera ya karatasi.

Na wa Vugiri? Kijana wa huko anayesukuma ndizi kila wiki ana mapaja ambayo mtu wa ofisini atayatafuta mwaka mzima bila kuyapata. Kinachomkosesha nafasi ni baiskeli yenye gia, kofia ngumu, na likizo, kwa maana ndizi hazisubiri. Akikopeshwa hivyo vitatu, ninaamini msafara wowote utakaopita Korogwe utamwona mgongo tu kuanzia Segera hadi Wami. Shida yake itakuwa siku ya kurudi, atakaposhushwa na basi Korogwe akiwa na medali shingoni, na hiyo baiskeli ya gia ikiwa imesharudishwa kwa mwenyewe.